Picha za Misuli Zaleta Kipimo Kipya cha Maradhi ya Neva ya Kurithi

Maradhi ya Charcot-Marie-Tooth, ambayo hayahusiani kamwe na meno bali yana majina ya matabibu watatu walioyaeleza mwaka 1886 huko Paris na London, hudhoofisha neva za miguu na mikono polepole mno. Mwendo huo wa taratibu ni nafuu ya aina yake kwa mgonjwa, lakini kwa watafiti wa tiba umekuwa kikwazo. Jaribio la dawa hudumu mwaka mmoja au miwili, ilhali udhaifu wenyewe huchukua miaka mingi kudhihirika.

Jaribio la vitamini C lililofanyika Italia na Uingereza lilidhihirisha ugumu huo. Wagonjwa 271 wa aina ya 1A, inayotokana na nakala ya ziada ya jeni ya PMP22 katika kromosomu ya 17, walifuatiliwa kwa miaka miwili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionesha kuwa vitamini hiyo haikusaidia. Hata hivyo, jambo la kutafakari zaidi ni kwamba waliopewa vidonge visivyo na dawa nao walibadilika kwa chini ya alama moja, katika kipimo chenye alama 36. Iwapo wasiotibiwa hawaonekani kuzidiwa, dawa inayopunguza kasi ya maradhi itajidhihirisha kwa njia gani?

Jibu limeanza kutafutwa ndani ya misuli. Ala inayoizunguka neva ikiharibika, neva yenyewe hufa hatimaye. Msuli uliokosa neva hukonda na nafasi yake huchukuliwa na mafuta. Neva ndefu ndizo hudhurika kwanza, hivyo nyayo hutangulia, yakafuata matafu, kisha mapaja. Mashine ya MRI, inayotumia nguvu ya sumaku pasipo eksirei, huweza kutofautisha haidrojeni iliyomo katika maji na ile iliyomo katika mafuta, na kukokotoa sehemu ya msuli iliyogeuka mafuta.

Mwaka 2016 watafiti wa London walichapisha vipimo vya wagonjwa 20 wa aina ya 1A. Katika miezi 12, mafuta ya tafu yaliongezeka kwa wastani wa pointi 1.2 za asilimia, huku paja likisalia karibu vilevile. Ni kiasi kidogo, lakini kinapimika, wala hakitegemei juhudi za mgonjwa siku ya kupimwa. Kwa maradhi adimu, faida yake ni kubwa: jaribio laweza kufanywa kwa watu wachache zaidi.

Uteuzi wa washiriki, hata hivyo, unahitaji uangalifu. Tafu lililokwisha kugeuka mafuta halina tena cha kuonesha, na lile ambalo bado ni zima huenda lisibadilike ndani ya mwaka.

Liko pia swali la mamlaka za dawa. Mgonjwa hatafuti picha nzuri. Anataka kupanda ngazi bila kujikwaa. Utafiti wa London ulionesha kuwa mafuta yakizidi nguvu hupungua, lakini uhusiano huo pekee hauthibitishi kwamba kuzuia mafuta kutamhifadhia mgonjwa uwezo wa kutembea. Kwa mantiki hiyo, picha zinafaa zaidi katika hatua za awali, kuamua ni dawa ipi inastahili jaribio kubwa na la gharama. Idhini ya kuitumia dawa hiyo bado itahitaji ushahidi wa mguu unaotembea.