Masikio yakilia, tusitupe kinini



Juma lililopita, katika mkutano wetu, mama mmoja mwenye mimba alitueleza kwamba alikuwa anakunywa kinini kwa sababu ya malaria. Siku ya pili masikio yakaanza kulia wiii, mchana na usiku. Jirani akamwambia: «Kuna mtu anayekutafuta. Acha hizo dawa, tafuta maombi.» Siku ya tatu akaacha vidonge. Kisha siku chache homa ikarudi kwa nguvu, wakamkimbiza hospitali kwa pikipiki. Leo yeye na mimba yake wako salama, Mungu asifiwe. Lakini tumeona ni lazima tuzungumze jambo hili.

Mti wa kenkina tunaujua, unalimwa katika vilima vyetu vya Lubero. Magome yake ndiyo yanatoa kinini, na kule Bukavu kiwanda cha Pharmakina kinaitengeneza. Dawa hiyo inapiga malaria, lakini inagusa pia sikio la ndani. Ndiyo maana masikio yanalia, kichwa kinazunguka, na sauti za watu zinakuwa kama zinatoka mbali. Huo si uchawi. Kwa watu wengi unaisha dawa ikimalizika. Vidonge vya kinini kwa kawaida vinanywewa siku 7. Mwenye kuacha siku ya 3 anawapa vijidudu nafasi ya kuzaana tena, na malaria katika mimba inaweza kuua mama na mtoto.

Basi masikio yakilia, tusiache dawa kwa siri, wala tusijiongezee. Turudi kwa muuguzi aliyetupa. Ataangalia kipimo, na kama inafaa atabadilisha dawa. Lakini mtu asiposikia tena vizuri, macho yakififia, au mama mwenye mimba akitetemeka na kutoka jasho jingi, aende saa ile ile. Na kinini ya kununua farmasi bila kupimwa damu, tuiache kabisa.

Kinini siyo sababu peke yake. Aspirini nyingi inaliza masikio pia. Sindano za jentamisini zinaweza kuharibu sikio hata moja kwa moja. Kwa hiyo tusichomwe sindano na mtu yeyote wa mtaani.

Kuna tena makelele. Huko Beni wengi wetu tumesikia risasi na bomu karibu. Wengine wanashinda kwenye mashine ya kusaga, au mbele ya bafle za kanisa. Ndani ya sikio mna vinywele vidogo sana vinavyopokea sauti. Kelele kubwa inaviua, na havioti tena. Tusimkalishe mtoto karibu na bafle, hata siku ya sherehe.

Mara nyingine ni nta tu iliyoziba. Tusichokonoe na kijiti cha kiberiti, kwa sababu kinaisukuma ndani na kinaweza kutoboa ngoma ya sikio. Sikio linalotoa usaha tusilimiminie mafuta wala maji ya majani. Tumpeleke mtoto kituo cha afya. Na mlio unaopiga pamoja na moyo, tupimwe msukumo wa damu, ile tunayoiita tansio, zaidi sana wakati wa mimba.

Sisi walimu tunaona jambo lingine darasani. Mtoto anaulizwa, anajibu «Nini?» Anaulizwa tena, ananyamaza. Tunamwita mkaidi, tunampa adhabu. Kumbe hasikii vizuri. Mtoto mdogo hajui kusema «masikio yangu yanalia». Pengine anafikiri watu wote wanasikia hivyo. Kwa hiyo mtoto akipona malaria au ugonjwa wa masikio, tumwite kwa sauti ndogo akiwa ametupa mgongo. Asipogeuka, tumwambie mwalimu amkalishe mbele, na tumpeleke apimwe.

Mama, maombi ni mazuri, hatuyakatazi. Lakini kabla ya kuuliza nani ametuma mlio huu, tuulize kwanza: juma hili nimekunywa dawa gani, nimekaa kwenye kelele gani? Jibu hilo tulipeleke kwa muuguzi.

Tuonane juma lijalo.