Andikeni Hata Siku Kavu: Barua kwa Watu wa Mbwajumali

Wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu wote wa Mbwajumali.

Kila nikipiga simu nyumbani, habari za mvua na upepo huja kabla ya habari za watoto. Kusi imevuma kupita muda wake. Vuli imeruka, jabia letu la kuhifadhia maji ya mvua limebaki tope. Mjomba huniambia miaka hii haishikiki, nami namwamini. Lakini nikimuuliza vuli ya mwaka juzi ilianza lini hasa, waliokaa naye barazani wanaanza kubishana, na simu inakatika hatujapata jibu.

Huku Oklahoma, katikati ya Marekani, kinachoogopwa ni tonado: upepo wa kuzunguka mithili ya chamchela, ila huu huteremka kutoka wingu zito la radi na huweza kuing'oa nyumba hadi msingi. Tarehe 20 Mei 2013 tonado moja ilipita mji wa Moore ikaua watu 24. Msimu wake mkubwa ni Aprili hadi Juni.

Mwaka 2018 Aprili ikaisha bila hata moja. Baridi ilikuwa imekawia, hewa ya joto na unyevu kutoka Ghuba ya Mexico haikupanda kwa wakati, na magharibi ya jimbo ukame ulikuwa mkali hata nyika zikaungua. Tonado ya kwanza ya mwaka ilifika tarehe 1 Mei. Katika kumbukumbu zote za jimbo, haijawahi kuchelewa hivyo. Na kwa Marekani nzima mwaka ule ulipita bila tonado ya daraja la nne wala la tano, yale makali kabisa, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu hesabu zianze mwaka 1950.

Watu walishukuru, nami nilishukuru. Ila Mei hiyo hiyo Mto Tana ulikuwa umefurika na kuwatoa watu majumbani, na tarehe 25 kimbunga Mekunu kikaipiga Salalah, waliko jamaa zetu. Sisemi kwamba shari iliyoikosa Oklahoma ilihamia kwetu. Nasema utulivu wa mahali pamoja haukuahidi lolote, hata kwa mahali penyewe: mwaka uliofuata Oklahoma ilipata tonado zaidi ya 140. Kwetu vuli ya 2019 ilimwaga maji kupita kiasi, kwa kuwa bahari upande wa Afrika ilikuwa na joto kuliko upande wa Indonesia. Kisha, tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ikatunyima. Hayo hamhitaji kusimuliwa, nyinyi ndio mliochota tope.

Swali langu ni moja. Hawa wa huku walijuaje kwamba tarehe 1 Mei ni kuchelewa? Wanaandika. Jimbo hili lina vituo vipatavyo 120 vinavyopima upepo, joto na mvua kila dakika tano, na hakuna kaunti iliyokosa. Juu ya hivyo wapo watu wa kawaida, wakulima, walimu na wastaafu, ambao kila asubuhi husoma kopo la mvua uani na kupeleka hesabu. Mtandao huo wa kujitolea ulianza Colorado mwaka 1998, baada ya mafuriko ya Fort Collins ya 1997, ambapo mvua ilishuka zaidi upande mmoja wa mji kuliko mwingine na vipimo vilivyokuwapo havikutosha kuiona.

Sisi tunalijua hilo kwa macho. Mvua inaweza kuinyeshea Faza na kuiruka Mbwajumali. Kituo cha mjini Lamu kiko ng'ambo ya bahari, hakiwezi kutusemea.

Na elimu tunayo. Wazee wetu wanahesabu miongo, siku kumi kumi tangu Nairuzi, mwanzo wa mwaka wetu, na wanajua mwongo gani bahari hufunga na upi hufunguka. Inaniuma kwamba kila tunapomzika mmoja wao tunazika daftari ambalo halikuandikwa. Basi na liandikwe sasa, mwongo ukae pembeni ya tarehe, mwenye kujua huu asome na mwenye kujua ile asome.

Natuma vipimo viwili vya mvua kwa jamaa anayekuja. Kimoja kikae skuli, kingine karibu na jabia, mahali pa wazi, mbali na minazi na mapaa. Visomwe saa moja asubuhi. Iandikwe mvua, upepo umetoka wapi, na maji ya jabia yamefika wapi kwenye fimbo ya kupimia. Na siku kavu iandikwe sufuri, msiiache tupu, maana akija mtu baada ya miaka ishirini hatajua kama mvua haikunyesha au msomaji alikuwa safarini.

Wazee, naomba mteue vijana wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, wapokezane. Tuanze tarehe 1 Machi, masika hayajaingia. Daftari na kalamu ni juu yangu.

Wassalaam,
Mwana wenu, mjini Norman, Oklahoma