Pazia Langu Liombe Ruhusa Ng'ambo?

Wadau, wiki iliyopita nilimaliza kuunda kifaa cha kuvuta pazia la chumbani: mota ndogo na ESP8266, chipu ya Espressif iliyotoka mwaka 2014. Kikagoma kuiona WiFi. Kosa langu: chipu hiyo inatumia masafa ya 2.4 GHz tu, na ruta niliiacha kwenye 5 GHz. Nikabadilisha, kikaunganika.

Washkaji wakanishauri nikisajili kwenye seva ya kampuni ya ng'ambo, eti ndiyo usasa. Nimekataa. Hivi jamani, pazia liko hatua tatu kutoka kitandani, amri yake ivuke bahari kwanza? Na bando likiisha?

Aprili 2022 Insteon ya Marekani ilizima seva zake ghafla. Wateja wakakuta simu haziamrishi tena taa walizozinunua kwa fedha zao.

Amri yangu inatoka kwenye simu, inapita kwenye ruta, inafika kwenye mota. Basi. Intaneti ikatike, pazia litafunguka.

Tunalalamikia wenye nyumba wanaodai kodi ya miezi sita. Kwa nini tujitafutie na mwenye pazia?