Jiwe la Tongoni na Jiwe la Kompyuta

Makaburi ya nguzo ya Tongoni, kusini mwa Tanga, yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Nguzo nyingi zimekwisha kuanguka, lakini mawe yaliyobaki ni darasa zuri la kufundishia jinsi kompyuta inavyochora uso wa kitu ukaonekana halisi. Aidha, ni mahali pafaapo kutoa onyo.

Njia ya kwanza, iliyoelezwa na Edwin Catmull mwaka 1974 katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, ni kulivika umbo picha kama mtu avikwavyo khanga. Nguzo ya mviringo huvikwa bila taabu. Lakini mwanafunzi na ajaribu kulifunika chungwa la Muheza kwa kipande cha khanga: kitajikunja tu. Gauss alithibitisha mwaka 1827 kwamba uso wa tufe hauwezi kulazwa bapa bila kuvutwa au kuchanika. (Chungwa na liliwe baadaye.)

Njia ya pili haihitaji nguo. Mwaka 1985 Ken Perlin na Darwyn Peachey, kila mmoja kwa upande wake, walieleza namna ya kuipa kila nukta ya x, y na z thamani yake kwa hesabu. Katika kanuni ya Perlin, mielekeo ya kubahatisha hupangwa kwenye pembe za vyumba vya mchemraba, kisha thamani hulainishwa baina yake. Tabaka kubwa huongezewa madogo na madogo zaidi. Umbo huwa kana kwamba limechongwa katika jiwe zima. Tumbawe nalo ni hivyo: ukilikata, vishimo vimo hata ndani. Picha ya kubandika ni lipu tu.

Basi kompyuta yaweza kuziba pengo la msikiti wa Tongoni kwa jiwe ambalo hakuna fundi aliyelichonga, na mtazamaji asitambue. Wako wasemao kwamba hapana ubaya, maadamu picha inapendeza. Sikubaliani nao. Katika sinema ni halali. Katika kumbukumbu ya taifa ni kughushi ushahidi. Mkataba wa London wa mwaka 2009, unaohusu kuchora urithi kwa kompyuta, unataka yenye ushahidi yatenganishwe na ya kukisia. Wanafunzi wa Tanga wakichora Tongoni, sehemu za kubuni wazitie rangi moja isiyofanana na jiwe, hata kama picha itachukiza macho.