Cheche ya Pikipiki Yastahili Kuingia Darasani

Kizota, mjini Dodoma, si mahali ambapo mwalimu wa fizikia angetazamiwa kutafuta mfano wa umeme wa mapigo wenye volti nyingi. Kata hiyo hutajwa kwa viwanda na maghala ya nafaka. Hata hivyo bodaboda nyingi zipitazo huko zimebeba mtambo wa namna hiyo: kijisanduku cheusi ambacho mafundi hukiita CDI.

Kazi yake ni kulimbika taratibu na kutoa kwa ghafla. Tuseme kapasita ya maikrofaradi 1 imejazwa hadi volti 200. Thairista, kipande cha semikondakta kifanyacho kazi ya swichi, huuruhusu umeme huo kumiminika katika koili ya plagi, nayo huukuza hadi volti elfu kumi na zaidi. Nishati iliyolimbikwa ni nusu ya zao la kapasita na mraba wa volti, yaani juli 0.02. Ikitolewa kwa maikrosekunde 50, nguvu yake ya wastani ni wati 400! Lakini injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, na cheche itoke kila mzunguko, kapasita hudai wati 2 tu. Uzio wa umeme wa kuzuia wanyama hufuata kanuni iyo hiyo.

Mwanafunzi aweza kukariri mlinganyo huo, akafaulu mtihani, asijue kuwa amepanda juu yake kuja shuleni. Hilo ni kosa la ufundishaji, si la mwanafunzi. Wala haambiwi kwamba kapasita ikijazwa kupitia rezista kutoka chanzo cha volti zisizobadilika, nishati sawa na ile inayohifadhiwa hupotea kuwa joto, hata rezista iwe ndogo namna gani. Koili na dayodi hupunguza sana hasara hiyo. Semikondakta mpya za silikoni kabaidi nazo huhimili volti nyingi zaidi na kukata umeme kwa upesi na upotevu mdogo, lakini haziwezi kumwokoa mbunifu aliyekosea hapo mwanzo.

Wako walimu wanaohofia hatari, na hofu yao ni ya haki: kapasita iliyojaa huuma hata injini ikiwa imezimwa. Basi kifaa kibovu, kilichokwisha kuondolewa katika pikipiki na kutolewa umeme wake wote, chatosha. Kimezibwa kwa gundi ngumu, hivyo msumeno utahitajika. Gereji za bodaboda hazikosi vifaa vya namna hiyo vinavyongoja kutupwa.