Staa, Umeitoa Roho Redio ya Watu Ili Upige Picha

Kuna staa mmoja wa kike, jina kapuni, wiki hii katupia picha za mjengo wake mpya. Sina neno na masofa wala mapazia. Kilichoniuma ni ile stereo ya zamani pembeni ya TV, zile za mwishoni mwa miaka ya 70 zenye kila kitu: juu sahani ya santuri, mbele kaseti, katikati redio, na spika zake mbili za mbao. Kaandika kwa furaha kabisa kwamba fundi katoa mashine yote ya ndani, kaweka Bluetooth.

Dada, hapo una sabufa iliyovaa kabati la bei mbaya.

Najua mtasema hela ni yake. Kweli, ni yake. Lakini mashine ile ikigoma si kwamba imekufa. Mara nyingi kilichokufa ni mkanda wa mpira unaotoka kwenye mota. Mpira ukikaa miaka 40 unalegea, mwingine unayeyuka unanata kama lami. Ukilegea, kaseti inaburuza na mwimbaji anasikika kama kalewa. Unafuta ile lami kwa spiriti, unapima, unaweka mkanda mpya. Volyumu ikikwaruza, mara nyingi ni vumbi tu. Kapasita nazo zinakauka kwa umri, ila fundi anayejua lehemu anazibadilisha, na hata za kampuni nyingine zinafaa, mradi vipimo vilingane.

Ila kama imelala stoo miaka, usiichomeke tu kwenye umeme! Fundi wangu aliupitisha umeme kwanza kwenye balbu, zile za zamani za waya ndani. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti. Ikiwaka kisha ikafifia, endelea. Halafu soma nyuma volti ngapi. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani zinataka 100, sisi tuna 230. Utasikia harufu kabla ya muziki.

Mbona naongea kwa uchungu? Kwa sababu na mimi nusura niingie mkenge. Ya kwetu aliiacha babu. Fundi wa kwanza alitaka aitoe mashine abakize boksi, na mimi nilishakubali, mpaka advansi nikatoa. Bibi ndo akagoma. Akafungua sanduku lake la khanga, akatoa kaseti moja, akauliza, "Na hii itapigwa wapi?"

Fundi wa pili alikaa nayo wiki mbili. Siku imerudi tukaiweka ile kaseti. Ni babu, anamrekodia mdogo wake aliyekuwa Tabora, maana zamani watu walitumiana kaseti kama barua. Hii haikuwahi kutumwa. Anasalimia ndugu mmoja mmoja kwa majina, kisha anakohoa, anamuita bibi alete maji. Bibi, msichana kabisa, anaitika kwa mbali. Na bibi wetu pale kwenye kochi akaitika tena, "Abee."

Sasa hiyo utaipiga kwa Bluetooth gani?

Staa wetu, kama fundi hajauza ile mashine kwa watu wa vyuma chakavu, ifuate leo leo. Na nyie wadau, ya kwenu iko wapi, sebuleni au bandani inafugia kuku? Semeni hapo chini.