Acheni Kulaumu Gugu Maji, Sisi Ndio Tunalilisha

Wasee, hizi picha za kusafisha ziwa zimenichosha. Kila mara ni zilezile kutoka Kisumu: watu wamevaa fulana mpya na gambuti, kila mmoja ameshika kamzigo ka gugu maji, anapigwa picha, anaenda zake. Ukirudi baada ya wiki chache gugu limejaa tena, halafu eti mnashangaa.

Hili gugu asili yake ni Amerika Kusini, na lilianza kuonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Linaelea tu. Chakula chake linakinyonya kutoka kwa maji, hasa nitrojeni na fosforasi. Likipata hivyo viwili vya kutosha, pamoja na lile jua letu, linaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili. Likikosa, linadumaa.

Nilijaribu hii kitu hapa kwa ploti. Ndoo mbili za maji ya mvua, mimea ya saizi moja, lakini ndoo moja nikaitia kinyesi cha ng'ombe. Wiki tatu baadaye, lile la maji matupu lilikuwa la njano, mizizi imerefuka kama wigi ikitafuta chakula. Lile lingine limenona, kijani kibichi, limezaa watoto hadi huoni maji. Na jua lilikuwa lilelile.

Sasa angalia Ghuba ya Winam. Mdomo wake ni mwembamba, kwa hivyo maji hayachanganyiki haraka na ziwa kubwa. Mto Nyando unaingia hapo na udongo na mbolea kutoka mashamba ya juu. Mto Kisat unapita mjini Kisumu na kubeba maji ya vyoo, sabuni ya unga, maji ya kuosha magari, kila kitu. Hiyo ni ndoo yangu ya pili, ni vile tu ni kubwa.

Na si eti hatujaonywa. Mwaka wa 1997 serikali iliachilia fukusi, wadudu wadogo wanaokula gugu hilo. Kufikia 2000 lilikuwa limepungua sana, watu wakasema vita vimeisha. Halafu mvua kubwa ya 2006 ikasomba udongo na virutubisho hadi ziwani, na gugu likarudi kwa nguvu. Fukusi walifanya kazi yao. Sisi ndio hatukugusa chakula.

Kitu kingine kinanikera ni mashine za kulikatakata humo humo majini. Vipande vinazama, vinaoza, virutubisho vinarudi kwa maji. Bakteria wanaoozesha wanamaliza oksijeni, ngege anakufa, anabaki kamongo kwa sababu yeye anapumua hewa ya juu. Mvuvi wa Dunga anapoteza mara mbili: kwanza boti imekwama, halafu samaki hakuna. Na hata ukiling'oa lote leo, bila kuziba maji taka, mwani wa kijani utachukua nafasi yake, na mwingine una sumu. Chakula kikiwepo, mlaji hakosi.

Najua mtu atakuja kwa komenti na hii: "Kwa hivyo mkulima aache mbolea?" Apana, buda. Asiimwage siku mvua kubwa inakaribia, na asilime hadi ukingoni mwa mto. Yale mafunjo ya mdomo wa Nyando yalikuwa yanachuja hayo maji bure, tukayafyeka na kuyachoma tupate shamba.

Na wewe wa Nairobi usicheke. Enda uangalie Nairobi Dam, pale chini ya Kibera. Watu walikuwa wanaendesha mashua za tanga hapo. Saa hii ni gugu tupu, na juu yake kuna maelfu ya nyumba ambazo hakuna mtu amewahi kuziwekea bomba la maji taka. Mwanasiasa akija kuomba kura na fulana ya kusafisha, muulize hilo bomba liko wapi.